Pima Kwanza, Ndipo Ununue Spea

Hotuba kwa waendeshaji wa pikipiki kubwa na mafundi, Dar es Salaam

Wazee shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Mafundi mliofunga gereji siku ya Jumamosi kuja hapa, ahsanteni zaidi, maana Jumamosi ndiyo siku ya hela na mmeiacha.

Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa pikipiki kubwa zilizokwishatumika, zile ambazo ni nusu ya mbio na nusu ya safari. Zina kava la kukata upepo, kiti cha kukalia kutwa nzima, mahali pa kufunga mabegi, na nguvu ya kulipita lori la kontena huku bado unajiuliza kama upite. Zipo nyingi: FJR1300 ya Yamaha, ST1100 na ST1300 za Honda, Sprint ya Triumph, RT za BMW. Nikizigusa zote tutakesha. Nitashika moja, Honda VFR800, kwa sababu ndiyo iliyopita mikononi mwangu zaidi, na maradhi yake mengi utayakuta kwa wenzake pia.

Kwa wasioijua: VFR ilianza 1986 ikiwa 750. Mwaka 1998 ikaja hii ya 800, ambayo kwa hesabu halisi ni cc 782, silinda nne kwa umbo la V, mafuta yanaingia kwa injekta badala ya kabureta, na gurudumu la nyuma limeshikwa kwa mkono wa upande mmoja tu. Mpaka 2001 kemshafti zake, zile shafti zinazofungua valvu, zilizungushwa na gia, ndiyo maana ile ya zamani inapiga mluzi ambao wenyewe tunaupenda na majirani hawaupendi. Toka 2002 wakaweka VTEC, mfumo unaofungulia valvu zaidi mzunguko wa injini ukipanda, na gia zikaondolewa zikaja cheni.

Injini hiyo ni ngumu. Ukiipa oili safi na maji, inakuzika wewe. Halafu unapita mitaa ya Tabata au Mbezi unaiona imefunikwa turubai uani, kuku wanatagia juu ya kiti, unaambiwa "ile injini imekufa". Ukiifungua, injini nzima. Kilichokufa ni mfumo wa kuchaji, au breki zimeganda, au petroli imeozea tangini. Pikipiki ya namna hii haichoshwi sana na kilomita. Inachoshwa na kukaa, na inamalizwa na fundi anayebadilisha vitu bila kupima. Hilo la kupima ndilo lililonileta.

Nisieleweke vibaya, mafundi wa bodaboda nawaheshimu. Kuna mafundi hapa wanaisikia Boxer kwa mbali wanakwambia valvu imelegea, na kweli imelegea. Lakini Boxer inakusamehe. Betri ikifa unapiga kiki unaondoka. VFR haina kiki, na hata ukiisukuma, pampu ya petroli na kompyuta yake vinataka volti za kutosha kabla injini haijapata hata tone. Kwenye Boxer waya ukisumbua unapiga direct na maisha yanaendelea. Kwenye VFR ukipiga direct bila kujua umeruka nini, unaweza kuunguza nyaya zote, na nyaya hizo hazipatikani Kariakoo.

Sasa twende kwenye umeme, na hapa nitakaa.

Ndani ya injini kuna koili zilizofungwa zisizozunguka, ndiyo stata, na kuna sumaku inayozizunguka. Kutoka stata zinakuja nyaya tatu za njano. Umeme wake ni wa AC, betri haiutaki. Unapita kwenye rektifaya, kile kidude cha alumini chenye mapezi, kinaugeuza kuwa DC na kuuzuia usizidi. Shida iko kwenye kuzuia. Sumaku haijui kwamba betri imejaa. Injini ikizunguka, umeme unatoka. Rektifaya ya zamani inachofanya na ziada ni kuigonganisha na erthi igeuke joto. Ni kama kujaza ndoo kwa bomba lisilofungika: ndoo ikijaa, maji yanaendelea kumwagika sakafuni kutwa nzima. Sasa hapo ongeza jua la Dar na foleni ya Ubungo ambako upepo haupiti popote, uone kidude hicho kitadumu vipi.

Dalili zake mnazifahamu hata kama hamjui zinatoka wapi. Mtu anatoka mjini asubuhi, pikipiki inakwenda safi. Anasimama Chalinze kunywa chai, anarudi, anabonyeza starta: tik, tik, tik. Wasamaria wanamboosti. Anafika Morogoro ananunua betri mpya, anafurahi, anaingia barabara ya Mikumi. Taa zinafifia, mita inaanza kucheza, injini inakohoa, na pikipiki inazima katikati ya mbuga, mahali ambapo hakuna anayetaka kushuka akakagua fyuzi huku tembo wanamtazama. Betri ya kwanza haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa hailishwi. Hata hiyo mpya haikulishwa.

Mita ya umeme ya kawaida, ile ya bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, ingemwambia yote hayo akiwa bado nyumbani. Unafanya hivi. Pikipiki ikiwa imezimwa na imetulia saa kadhaa, pima betri. Iwe 12.6 mpaka 12.8. Ikiwa chini ya 12.4 ichaji kwanza, usiendelee, maana betri dhaifu inaharibu vipimo vyote vinavyofuata. Kisha washa, taa kubwa ikiwaka, pandisha mzunguko wa injini ufike 5,000 kwa dakika. Hapo hapo kwenye betri usome kati ya 13.5 na 14.5, au zaidi kidogo. Ikibaki 12 na ushee, hakuna chaji. Ikipita 15 na nusu, rektifaya imeacha kuzuia na sasa inaichemsha betri. Kipimo hiki kinataka dakika moja na hakifungui hata nati.

Kama chaji haipo, usikimbilie kulaumu rektifaya. Ichomoe soketi ya zile nyaya tatu za njano. Injini imezimwa, pima omu kati ya waya mmoja na mwingine, jozi zote tatu. Ni ndogo mno, chini ya omu moja, na cha maana ni zilingane. Halafu pima kila waya wa njano na bodi ya injini: kusiwe na mawasiliano kabisa. Ukiyapata, stata imeungua na imegusa chuma. Ukiikuta salama, washa injini soketi ikiwa bado imechomolewa, geuza mita iende AC, pima tena zile jozi tatu. Zipande pamoja kadiri unavyovuta mafuta, na kwenye 5,000 zivuke volti 50. Vidole kaa navyo mbali, umeme huo si wa kuchezea. Jozi moja ikibaki nyuma ya wenzake, stata ndiyo mgonjwa. Zote zikilingana, stata nzima.

Hapo wengi wanaruka kununua rektifaya. Subiri kwanza, itazame ile soketi uliyoichomoa. Igeuze kwenye mwanga. Plastiki yake ilikuwa nyeupe. Kama imekuwa ya kahawia, au pini moja imezama, au inanuka kuungua, umekutana na mwizi. Pini iliyolegea au yenye kutu inazuia umeme, kuzuia kunaleta joto, joto linalegeza pini zaidi. Angalia na soketi ya fyuzi kuu ya ampia 30 karibu na betri, kwenye VFR nayo ina tabia hiyohiyo ya kuyeyuka. Halafu fanya kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi: injini ikizunguka, pini moja ya mita iguse waya chanya unaotoka kwenye rektifaya, nyingine iguse chanya ya betri. Usome karibu na sifuri. Ukiona 0.3 au zaidi, volti zinapotea njiani, kwenye nyaya na soketi, na ukinunua rektifaya mpya utapoteza hela. Rudia upande wa hasi. Upande wa hasi ndio unaosahauliwa, na ndio wenye kutu, hasa kwa sisi tunaolala karibu na bahari.

Ikithibitika rektifaya ndiyo mbovu, usirudishe ya aina ileile. Tafuta ya MOSFET, yaani yenye swichi za kielektroniki zisizopata joto sana, au ile inayokata ziada. Shindengen ya Japani anatengeneza FH020AA, imefungwa kwenye pikipiki kadhaa za Yamaha. Na anatengeneza SH775, ambayo haigonganishi ziada na erthi, inaikata tu, kwa hiyo hata stata inapumua. Ifunge panapopita upepo, vuta nyaya nene zako mwenyewe mpaka betri, weka fyuzi ya ampia 30 njiani. Hiyo ndiyo direct pekee nitakayoikubali. Na mjue za bandia zimejaa, zina maandishi yaleyale. Nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

Nimesema vya kutosha juu ya umeme. Breki sasa, maana umeme utakulaza njiani, ila breki zinaweza kukulaza kabisa.

Kwenye VFR800 za kabla ya 2014 breki za mbele na za nyuma zimeunganishwa, na mtindo huo uko pia kwenye ST1300. Ukivuta ya mkono, pistoni za nje za kalipa za mbele, vile vidude vinavyobana diski, zinashika. Sasa kalipa ya mbele ya kushoto haikufungwa kigumu, imening'inizwa kwenye mhimili. Diski ikiivuta inacheza kidogo tu, na mchezo huo unasukuma masta silinda ndogo, yaani pampu ya mafuta ya breki, iliyofungwa kwenye foku. Masta hiyo ndogo ndiyo inayopeleka presha kwenye breki ya nyuma. Na ukikanyaga ya mguu, nyuma inashika na pistoni ya katikati ya mbele nayo inashika. Ni mfumo mzuri ukiwa msafi.

Ndani ya masta ile ndogo kuna tundu jembamba la mafuta kurudia. Mafuta ya breki yasipobadilishwa yanavuta unyevu, yanazaa uchafu, uchafu unaziba tundu. Mafuta yakienda nyuma hayarudi tena. Kila shimo unalopita linaitikisa ile kalipa ya kushoto, linapampu kidogo, hayarudi, linapampu tena. Diski ya nyuma inapata moto, mafuta yanatanuka, breki inakaza zaidi, yenyewe, mguu wako ukiwa umeupumzisha. Mwendeshaji anahisi pikipiki nzito, anadhani ni upepo wa mbele au petroli mbaya, anaongeza mafuta. Pedeli ya mguu inakuwa ngumu na inapanda juu. Kisha harufu. Kisha gurudumu linaganda.

Likikukuta, toka barabarani, acha ipoe. Ukiwa na spana namba 8, legeza kidogo skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa ya nyuma. Mafuta yataruka na gurudumu litaachia. Hapo utaweza kuisukuma mpaka mahali salama. Usiendelee na safari mpaka ile masta ndogo ifumuliwe na kusafishwa.

Lakini kwa nini ufike huko? Kabla ya kununua, na kila mara unapobadilisha pedi, fanya hivi: simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mwenzako azungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Wewe chuchumaa mbele, isukume kalipa ya kushoto kwa kiganja kuelekea juu na mbele. Gurudumu la nyuma lisimame. Achia. Lizunguke papo hapo, bure kabisa. Likichelewa kuachia hata kidogo, muuzaji na akupunguzie bei au mwache na pikipiki yake. Jaribio hili halina gharama, na sijaona muuzaji anayelifahamu.

Mafuta ya breki ni DOT 4. Kiwango kinadai yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, na yakishanyonya maji yasichemke chini ya 155. Tofauti hiyo ya nyuzi 75 ndiyo inayokuokoa ukishuka Kitonga nyuma ya lori. Vitabu vinasema ubadilishe kila miaka miwili. Kwa unyevu wa Dar mimi nabadilisha kila mwaka na sitaki mjadala. Kutoa upepo kwenye mfumo huu kuna utaratibu wake, kalipa ipi ianze na ipi ifuate, uko kwenye kitabu cha fundi. Ukienda kienyeji utabaki na hewa ndani na pedeli kama sponji.

Mengine nayapitia haraka. Rejeta za VFR800 hizo za kabla ya 2014 ziko ubavuni, na kwenye foleni joto linapanda kupita 100, feni inawaka, msiogope. Ogopeni feni isipowaka. Na maji ya kisima marufuku! Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ikikutana na alumini mnajua mwisho wake. Kulanti, au basi kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotakaswa kwa ajili ya betri. Kama geji inashuka sana ukiwa kwenye mwendo na kupanda ukisimama, shuku thamostati iliyokwama wazi.

Oili iwe na alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ya injini, na oili nyingi za magari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze. Mtu anamwaga oili ya gari kwa sababu ni ghali na ya kisasa, wiki ijayo injini inanguruma pikipiki haiendi, anauziwa sahani za klachi.

Tairi zisomeni. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi lenye kashata nzima lakini lina miaka minane ni gumu, halishiki lami, hasa mvua ya kwanza ikinyesha na barabara ina mafuta. Upepo wa VFR ni psi 36 mbele na 42 nyuma. Vijana wa kujaza upepo wamezoea bodaboda, wasimamie.

Beringi za magurudumu hazihitaji kuagizwa Japani. Namba imechongwa pembeni, nenda nayo Gerezani, hawatakuuliza ni ya pikipiki gani.

Sasa ile kesi ya "haiwaki". Kabla ya kufungua chochote, washa ufunguo, usikilize. Pampu ya petroli inatakiwa ilie kama sekunde mbili halafu inyamaze. Kama kimya, angalia swichi nyekundu ya mkononi. Mnacheka, lakini watu wameita gari la kubeba kwa ajili ya swichi hiyo. Angalia fyuzi. Kama pikipiki ilianguka, kuna kihisi cha mlalo kinachokata mafuta. Zima ufunguo, washa upya. Zile za miaka ya 2000 zina ufunguo wenye chipu, na ile taa ya ufunguo kwenye dashibodi isipozimika, kompyuta haikutambui wewe ni nani. Kwa hiyo ukinunua, dai funguo zote.

Ikiwaka lakini inazima ukiingiza gia, tazama swichi ya stendi ya pembeni. Iko chini, inakula tope na vumbi. Isafishe kabla ya kuiunganisha moja kwa moja, na wanaoiunganisha moja kwa moja siku moja wataondoka stendi ikiwa chini.

Taa ya FI, ile ya mfumo wa injekta, ikiwaka, ina lugha. Acha injini kwenye silensi, inaunguruma bila kuvuta mafuta, stendi ya pembeni ishushwe, hesabu inavyopepesa: mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Saba ni kihisi cha joto la maji, nane ni kihisi kinachopima umevuta mafuta kiasi gani. Na kama silinda moja haifanyi kazi, huhitaji kompyuta. Washa ikiwa baridi, baada ya muda mfupi dondoshea kila bomba la ekzosi tone la maji. Tatu zitachemka. Lile ambalo maji yanatiririka tu, silinda yake imelala. Anza na plagi na koili yake.

Petroli iliyokaa inaganda kwenye injekta, na iliyochakachuliwa ni mbaya zaidi. Pikipiki isiyotembea, jaza tangi pomoni ili lisipate kutu ndani, na kile kitundu cha kutolea maji pembeni ya mfuniko kizibue kwa waya mwembamba, maana kikiziba, mvua ya masika yote inaingia tangini.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, kaka. Anauliza valvu. Kukagua ni kila baada ya kilomita karibu 25,000, na kwenye VTEC kazi ni kubwa na fundi atataka hela yake kihalali. Zipimeni injini ikiwa baridi kabisa. Zikiwa ndani ya kipimo, fungeni, msiguse. Kuna mafundi wanarekebisha kitu kisichodai kurekebishwa ili mteja aone wamefanya kazi.

Na dada hapa ameuliza ni kipi cha kununua kwanza, ekzosi au mabegi. Mita, dada. Halafu kitabu cha fundi. Halafu mafuta ya breki. Ekzosi utanunua ukishajua pikipiki yako inachaji.

Mabenchi yasogezwe tupate nafasi. Aliyekuja na ile inayozima ikipata joto, ailete hapa karibu na mlango, msiizime, na mtu mmoja anishikie mita. Tunaanza na betri.